LANGO ALILOLIKOSA: MAISHA YA ANDREA MEAD LAWRENCE, BINGWA WA MBIO ZA THELUJI

Katika muhula huu Chama chetu cha Jiografia kilimtaka kila mwanachama wa Kidato cha Nne achague mtu mmoja ambaye maisha yake yamefungamana na milima, asome habari zake maktabani, kisha awafundishe wenzake kwa muda wa nusu saa. Wengi walichagua watu waliosifika kwa kupanda. Mimi nilichagua mwanamke aliyesifika kwa kushuka. Mhariri ameniomba niliandike somo lile kwa ajili ya gazeti letu, ili wale ambao hawakuwapo siku ile, pamoja na wazazi wetu nyumbani, wapate kulisoma. Nimekubali kwa furaha, ila nimeongeza mwishoni jambo moja ambalo siku ile sikuthubutu kulisema mbele ya watu.

SKII NI NINI?

Sisi tusomao chini ya Kilimanjaro huiona theluji kila asubuhi mawingu yanapofunguka, lakini ni wachache miongoni mwetu walioigusa. Kwetu theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Ziko nchi, hata hivyo, ambazo theluji hushuka mpaka mlangoni mwa nyumba, ikafunika barabara, mashamba na mapaa kwa miezi kadha ya mwaka. Tangu zamani sana watu wa nchi hizo walitafuta njia ya kutembea juu yake bila kuzama. Walichonga mbao mbili ndefu na nyembamba, wakazipinda ncha za mbele zielekee juu, wakazifunga miguuni. Hizo ndizo skii.

Kazi yake si vigumu kuifahamu. Mtu akisimama kwa miguu mitupu juu ya theluji laini, uzito wake wote hukaa mahali padogo, naye huzama. Akisimama juu ya ubao mrefu, uzito ule ule hutandazwa mahali papana, naye hukaa juu kama mtumbwi ukaavyo juu ya maji. Tena upande wa chini wa ubao ni laini sana na hupakwa nta, kwa hiyo huteleza kwa urahisi. Akitaka kukata kona, huilaza skii upande mmoja ili ukingo wake uume theluji. Skii za miaka ya 1950 zilikuwa za mbao, na kingo zake zilitiwa chuma kwa ajili ya kazi hiyo.

Katika nchi zenye ardhi ya mawimbi, kama Norwe, skii zilikuwa chombo cha safari. Katika milima mikali ya Alpi zikawa chombo cha mchezo wa kushuka kwa kasi. Mwaka 1922 Mwingereza Arnold Lunn alipanga mashindano ya slalomu ya namna mpya katika kijiji cha Mürren, nchini Uswisi. Mwaka 1931, katika kijiji hicho hicho, yalifanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia, na msichana Mwingereza, Esmé Mackinnon, akashinda mbio zote mbili za wanawake. Mwaka 1936 mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi.

SHERIA MOJA YA KUKUMBUKA

Wakati wa habari hizi mbio zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni mbio za mteremko: mshindani hushuka kutoka juu hadi chini kwa kasi yote aliyo nayo. Ya pili ni slalomu. Hapo husimikwa fito mbili mbili zenye bendera, na kila jozi ya fito huitwa lango. Malango hayo hayakupangwa katika mstari ulionyoka, bali huku na huku, na mshindani hushuka akipinda kulia na kushoto ili apite yote. Hushuka mara mbili, na muda wa mishuko yote miwili hujumlishwa. Ya tatu ni slalomu kubwa, ambayo malango yake hukaa mbalimbali zaidi na njia yake ni ndefu zaidi. Hiyo iliingizwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1952.

Sasa, msomaji, nakuomba uishike sheria moja, kwa maana somo zima limesimama juu yake. Mshindani wa slalomu lazima apite kila lango kwa miguu yote miwili. Akikosa lango moja tu na kuendelea, amekwisha toka mashindanoni, hata kama kasi yake ni ya ajabu, na hata kama malango mengine yote ameyapita vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Njia ya kujiokoa ni moja. Asimame, apande kurudi juu mpaka kwenye lango lile, alipite, ndipo aendelee kushuka. Na saa haisimami kumngojea.

UTOTO NA UJANA WAKE

Andrea Mead alizaliwa tarehe 19 Aprili, 1932, katika mji wa Rutland, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Wazazi wake, Bradford na Janet Mead, walipenda sana mchezo wa skii, na ndio walioanzisha uwanja wa Pico Peak, uliofunguliwa mwaka 1937. Basi mtoto huyu alikua akiijua theluji kama mtoto wa Kilwa au Pangani aijuavyo bahari. Hakuna anayekumbuka siku mtoto wa pwani alipofundishwa kuogelea. Ghafla huonekana tu yumo majini.

Mwaka 1948, alipokuwa na umri wa miaka 15, alipelekwa St. Moritz, nchini Uswisi, kuiwakilisha nchi yake katika Michezo ya Olimpiki. Hebu fikirini, ndugu zangu wa Kidato cha Pili: umri wenu hasa! Alishika nafasi ya 8 katika slalomu. Katika mbio hizo hizo Mmarekani mwenzake, Gretchen Fraser, alipata medali ya dhahabu, naye akawa Mmarekani wa kwanza kuipata katika mchezo wa skii. Andrea alirudi nyumbani akiwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba jambo hilo lawezekana.

Lakini njia haikunyooka. Mwaka 1950 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika Aspen, katika nchi yake mwenyewe, mbele ya watu wake mwenyewe, naye hakupata medali hata moja. Mwaka uliofuata alikwenda Ulaya, akashindana na mabingwa wa milima ya Alpi, akawashinda mara nyingi. Mwaka huo wa 1951 aliolewa na David Lawrence, ambaye naye alikuwa mshindani wa skii.

OSLO, MWAKA 1952

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1952 ilifanyika Oslo, mji mkuu wa Norwe. Andrea alikuwa na miaka 19, naye alikuwa nahodha wa wanawake wa Marekani katika mchezo huo.

Tarehe 14 Februari, katika mlima wa Norefjell, palikuwa na slalomu kubwa. Andrea alishuka kwa dakika 2 na sekunde 6.8. Aliyemfuata, Dagmar Rom wa Austria, alitumia dakika 2 na sekunde 9.0. Tofauti ni sekunde 2.2. Huo ni muda wa mtu kutaja jina lake na la baba yake, lakini katika mchezo huu ni tofauti kubwa sana. Hivyo akawa mwanamke wa kwanza duniani kushinda slalomu kubwa katika Olimpiki.

Tarehe 17 Februari zilikuja mbio za mteremko. Safari hii alianguka njiani, akashika nafasi ya 17. Waliokuwa wakimtazamia kushinda kila kitu walinyamaza.

Zikabaki mbio moja tu, slalomu ya tarehe 20 Februari, katika mteremko wa Rødkleiva, pale pale Oslo. Katika mshuko wa kwanza Andrea aliondoka vizuri, akawa anapinda lango kwa lango kwa kasi kubwa. Ghafla skii yake ikanasa penye lango moja. Mwili ukayumba, kasi ikamchukua, akapitiliza chini bila kulipita lango lile sawasawa.

Hapa ndipo nilipofunga kitabu kwa muda nikafikiri. Kila kitu katika mwili wa mshindani humwambia: endelea! Mlima unamvuta chini. Saa inakwenda. Washindani wenzake walikuwa hodari kama yeye, na nafasi kati ya wa kwanza na wa tano ni kufumba na kufumbua tu. Hapakuwa na muda wa kushauriana na mwalimu wala wa kuuliza watazamaji kama wameliona kosa. Alisimama. Akageuka, akapanda kurudi juu ya mlima, akiwa na zile mbao ndefu miguuni ambazo hazikutengenezwa kwa kupanda. Akalipita lango. Kisha akashuka, na malango yaliyosalia akayapita kwa kasi kama mtu ambaye hakuna lililompata.

Alipofika chini alikuwa wa nne, nyuma ya aliyeongoza, Ossi Reichert wa Ujerumani, kwa sekunde 1.2.

Kisha ukaja mshuko wa pili. Mtu aliyekosea mara moja mlima ule ule angeweza kushuka kwa hofu, akilinda miguu yake. Andrea alishuka kwa kasi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeifikia siku hiyo, akampita Reichert kwa sekunde 2.0 katika mshuko huo. Wenzangu wa Kidato cha Kwanza waweza kuifanya hesabu hii: deni lilikuwa sekunde 1.2, amepata sekunde 2.0, kilichobaki ni sekunde 0.8. Jumla ya muda wake ilikuwa dakika 2 na sekunde 10.6, na ya Reichert dakika 2 na sekunde 11.4. Kwa sekunde 0.8 hizo Andrea Mead Lawrence alipata dhahabu ya pili, naye akawa Mmarekani wa kwanza kupata dhahabu mbili katika mbio za skii za milimani, tena katika Michezo ile ile.

BAADA YA USHINDI

Watu wengi husoma habari za bingwa mpaka siku ya medali, kisha hufunga kitabu. Nawaomba tuendelee kidogo.

Mwaka 1956 Michezo ilifanyika Cortina d'Ampezzo, nchini Italia. Wakati huo Andrea alikuwa mama wa watoto watatu, na yule wa mwisho alikuwa na umri wa miezi michache tu. Hata hivyo alirudi mlimani. Katika slalomu kubwa alishika nafasi ya nne, sawa na Madeleine Berthod wa Uswisi, na medali ya shaba ilimpita kwa sekunde 0.1. Aliyeshinda siku hiyo alikuwa nani? Alikuwa Ossi Reichert, yule yule aliyeshindwa kwa sekunde 0.8 pale Oslo. Naye pia alirudi. Jambo hili lilinifurahisha sana, kwa maana lanionyesha kwamba mtu aliyeshindwa katika hadithi ya mwenzake naye ana hadithi yake.

Mwaka 1960 Olimpiki ilifanyika Squaw Valley katika jimbo la California, mahali ambapo siku hizi uwanja wake huitwa Palisades Tahoe. Katika sherehe ya ufunguzi Andrea alipewa heshima ya kushuka mlimani kwa skii akiwa ameushika mwenge.

Kisha akaanza kazi nyingine, iliyochukua miaka mingi kuliko mbio zake zote. Alihamia Mammoth Lakes, mji ulioko kwenye milima ya Sierra Nevada huko California, pamoja na watoto wake watano. Hapo aliona majengo makubwa yakipangwa kujengwa milimani bila ya mtu kuuliza maji yatatoka wapi wala taka zitakwenda wapi. Yeye na wenzake waliunda chama cha Marafiki wa Mammoth, wakapeleka shauri mahakamani. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba sheria inayotaka madhara ya ujenzi yachunguzwe kabla ya kazi kuanza haihusu majengo ya serikali peke yake, bali pia majengo ya watu binafsi yanayohitaji kibali cha serikali. Uamuzi huo ulihusu jimbo zima.

Baadaye alichaguliwa kuwa diwani wa wilaya ya Mono, akaitumikia kwa miaka 16. Alikuwa miongoni mwa watetezi wa Ziwa Mono. Tangu mwaka 1941 maji ya vijito viingiavyo ziwani humo yalikuwa yakichukuliwa kupelekwa mji wa Los Angeles, na ziwa likawa linapungua mwaka hata mwaka. Mwaka 1994 wakuu wa maji wa jimbo waliagiza ziwa lirudishiwe maji mpaka lipande tena kwa kiasi kilichowekwa. Nalo hilo, ukilitazama, ni kurudi juu kwenye lango lililokosewa, ila mara hii aliyerudi si mtu mmoja, ni jimbo zima.

Andrea Mead Lawrence alifariki mwezi wa Machi, 2009, akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka 2013 kilele kimoja cha Sierra Nevada kilipewa jina lake kwa sheria. Kimo chake ni futi 12,240, yaani kama meta 3,731. Sisi tuuonao Mlima Meru, wenye meta 4,566, tutasema kilele hicho ni kifupi; lakini ni wangapi katika dunia hii walioachiwa mlima?

JAMBO AMBALO SIKULISEMA

Sasa natimiza ahadi yangu. Nilipokuwa Kidato cha Pili bibi yangu aliugua, nami nilikaa nyumbani majuma sita kumsaidia mama kumuuguza. Niliporudi darasa lilikuwa limekwisha maliza trigonometria. Niliazima daftari la rafiki yangu, nikanakili kurasa zote kwa mwandiko mzuri, nikafunga. Sikuelewa neno. Lakini darasa lilikuwa linakwenda, nami niliona haya kubaki nyuma, basi nikaenda nalo. Kila swali lenye pembe nililiruka. Katika Kidato cha Tatu niliruka machache. Katika Kidato cha Nne nikaona maswali hayo yamezaa wana na wajukuu, yamo kila mahali. Katika mtihani wa majaribio wa mwaka huu nilipata alama 21 katika mia.

Mwalimu wetu wa hesabu hakunikemea. Alinipa kitabu cha Kidato cha Pili, akasema, "Kila jioni ukae na wadogo zako wa Kidato cha Pili wanapofanya maandalio, mpaka umalize sura hii." Nilitoka ofisini mwake na kitabu nimekificha ndani ya sweta. Siku tatu sikwenda. Nilijiambia kwamba imebaki miezi michache, na mtu mwenye miezi michache hana nafasi ya kurudi nyuma. Afadhali ayakazanie yale yaliyo mbele. Hoja hiyo niliiona ni nzuri sana.

Katika siku hizo tatu ndipo niliposoma habari za mshuko wa kwanza wa Rødkleiva. Nilielewa kwamba hoja yangu ilikuwa hoja ya mlima, si yangu. Mlima ndio humwambia mtu aendelee kushuka.

Siku ya nne nilikwenda. Mtoto mmoja aliniuliza kwa sauti, "Dada, umerudishwa darasa?" Wote wakacheka, nami nikacheka nao, maana nilikuwa sina la kufanya. Juma la pili yule yule mtoto ndiye aliyenieleza kwa kalamu na rula jambo ambalo nilikuwa nimelinakili kwa mwandiko mzuri miaka miwili iliyopita. Namshukuru hapa, bila ya kumtaja jina.

Wazee wetu husema kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mimi nilikuwa nimeitumia vibaya. Nilidhani maana yake ni kwamba ukijikwaa usitazame nyuma kabisa. Ipo methali nyingine inayosimama karibu yake, nayo ni ile ya ufa na ukuta, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Andrea aliziba ufa wake papo hapo, kwa sekunde chache. Mimi nilingoja miaka miwili, na sasa naubeba udongo wa ukuta mzima. Faida ya kurudi mapema ni hiyo: lango haliondoki mahali pake, lakini kila hatua unayoshuka huongeza mlima wa kupanda.

Basi, wadogo zangu, aliyekosa somo kwa ugonjwa, kwa msiba au kwa kukosa ada, arudi kulitafuta juma hilo hilo, wala asinakili tu. Walimu wetu, mwanafunzi anayenyamaza huenda hajaelewa, huenda ameruka. Nanyi wazazi, mkituona tunarudia kitabu cha chini, msidhani tumeshuka.

Katika jaribio la mwezi uliopita nilipata alama 48. Najua kwamba hizo hazitoshi. Mtihani wa taifa ni mwezi wa Novemba, nao ndio mshuko wangu wa pili. Sijui nitaupata kwa sekunde ngapi, au kama nitaupata. Najua tu kwamba lango lile nimelipita, kwa miguu yote miwili.